Sawa Uliyomjibu Mwenye Nyumba

Mwanangu Minza,

Salamu nilikupa asubuhi, na hali yako naijua maana nakusikia hapo ng'ambo ya ukuta kwa Mama Neema, unasukwa nywele na mnacheka. Kwa hiyo sianzi na salamu. Nilikuambia nalala kwa sababu ya uchovu wa kusaga mawe kwenye karasha, ila silali. Nimekaa juu ya ndoo, nimepindua beseni nikalifanya meza, nakuandikia. Kesho basi la Chato linaondoka mapema, na stendi si mahali pa kusema neno refu. Wapiga debe watakuwa wanapiga kelele, na mimi ninavyojijua nitashika begi lako, nitasema "safari njema", basi.

Mambo ya kula, ya kuamka, ya marafiki na ya wanaume mama yako ameshayamaliza kule Samuye. Alinipigia juzi akasema, "Baba Minza, mtoto akifika hapo kwako Geita usimrudie niliyomwambia, utamchosha." Nimemtii. Nina jambo moja tu, na linanitia hofu. Ukiona herufi zimepinda usiseme ni ile elimu yangu ya darasa la tano. Leo meza yenyewe ni beseni.

Asubuhi ulikuwa unamenya viazi, simu yako ikalia. Nikakusikia: "Shikamoo baba." Ukanyamaza. "Ndiyo baba." Ukanyamaza tena. "Sawa baba. Sawa. Asante baba." Ukaweka simu chini ukaendelea na kiazi kilekile.

Nikakuuliza, "Nani huyo?"

"Baba Joshua, mwenye nyumba wangu wa Chato. Anasema kuanzia mwezi ujao kodi inapanda. Vyumba vinatafutwa sana."

"Ukamjibuje?"

"Nimesema sawa. Ningesemaje, baba? Ni mtu mzima."

Nikatoka nje nikajifanya naangalia kamba ya nguo. Ulidhani sikujali. Nilitoka kwa sababu niliogopa na sikutaka uone.

Fikiria, mwanangu. Kile chumba umekaa mwezi mmoja tu. Umelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa fedha ya ng'ombe ambaye mama yako alimuuza. Mmeandikiana, mmetia saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mbele ya fundi aliyekupa kazi. Ukafunga mlango, ukaja kutuaga, na cherehani yako iko ndani. Halafu mtu anapiga simu, anabadilisha kila kitu kati ya kiazi na kiazi, na wewe unamshukuru.

Sikulaumu. Hiyo sawa umeirithi kwangu, nami niliipata kwa baba yangu. Kwetu mtu mzima akisema neno, unaitikia. Humkatalii usoni. Akisema ng'ombe wako wamekula shamba lake, unaitikia hata kama wako walikuwa zizini. Kisha unakwenda nyumbani, unaongea na wakubwa wako, na baba yako mdogo au mjomba wako anakwenda kule polepole, anakaa, anauliza habari za mvua, na ndipo jibu lenyewe linatolewa. Yule mzee naye anajua kwamba ulipoitikia hukumaliza. Anasubiri. Samuye hakuna mtu anayeshika ile sawa ya kwanza na kukimbia nayo.

Huku kwenye dhahabu wanakimbia nayo.

Unaikumbuka Kharumwa? Najua unaikumbuka kidogo, maana siku moja ulimwambia mama yako kwamba ulipokuwa mdogo tulilala kwenye baraza la kanisa na ilikuwa raha, mliimba. Mama yako aliniambia. Leo nataka ujue ile raha ilitoka wapi.

Tulikuwa tumepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga unga, kwa mzee mmoja tuliyemwita Mzee Kulwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akikupa mahindi ya kuchoma, na mama yako alikuwa anamfagilia uwanja bila kuombwa. Tulilipa kila mwezi, hatukuandikiana chochote. Nani angemwambia mzee wa namna ile achukue kalamu?

Halafu ikatokea rashi. Wewe hukuwa na akili ya kuelewa. Duara moja, shimo la kuchimbia, upande wa porini lilitoa dhahabu nzuri, habari ikasambaa, na watu wakaanza kumiminika na magodoro vichwani. Wengine walilala chini ya miti, wengine kwenye mabanda ya kuku. Hata choo mtu angekipanga kama kingekuwa na paa.

Mzee Kulwa alinikuta nakula. Akasimama mlangoni, akasema, "Baba Minza, unaona mwenyewe dunia ilivyobadilika. Kodi itapanda."

Nikaacha ugali, nikanyanyuka, nikainama kidogo. "Sawa baba. Wabeja."

Nilimshukuru, Minza. Kwa Kisukuma kabisa, ili heshima itimie.

Akanikuta tena kisimani, akasema nyongeza ni kubwa kidogo kuliko alivyofikiri mwanzoni. Sawa baba. Mara ya tatu ilikuwa msibani, watu wamekaa kwenye mikeka, akaniambia kwa sauti ya kawaida tu kwamba anaihitaji mwisho wa wiki. Watu wote wakasikia nikijibu. Moyoni nilikuwa na mpango: nikipata nafasi nitapanda gari hadi Samuye, nimlete baba mdogo, aje akae na Mzee Kulwa, aulize habari za mvua, amweleze kwamba mimi ni mpangaji wa siku nyingi na kwamba kodi haipandi kama maji ya mto. Niliona nina muda. Nilidhani na yeye anajua nina muda.

Mwisho wa wiki ulifika sijasafiri wala sijalipa, nikashuka duarani. Tulikuwa tunafunga matimba, yale magogo ya kuzuia udongo usituangukie, na kazi ile haiachwi katikati. Nilipotoka juu kulikuwa na manyunyu. Nikafika nyumbani nikaona mwanga ndani, nikafurahi. Nikasukuma mlango. Walikuwemo vijana wanne wamekaa juu ya mifuko yao ya mawe, wanacheza karata.

Mmoja akasema, "Oyaa, mzee, gonga kwanza."

Nikamwambia, "Hiki ni chumba changu."

Wakacheka. "Cha kwako kiko nje, kimelowa."

Nikazunguka nyuma. Mama yako alikuwa amesimama chini ya paa la mashine, ameshika sufuria ya maharage kwa kanga. Yalikuwa bado yanachemka. Walimtoa akiwa anapika, akaipua sufuria akatoka nayo, kwa sababu ndicho kitu alichokuwa amekishika. Godoro lilikuwa kwenye tope. Sare yako ya shule ilikuwa juu ya godoro, na wewe ulikuwa juu ya sare, umejifunika gunia. Ukaniuliza, "Baba, tunaenda kwa bibi?" Nikasema ndiyo. Nilisema kwa furaha, ili usiogope. Tukalala kwenye baraza la kanisa, mkaimba. Ndiyo maana unakumbuka raha.

Kesho yake, kabla hatujaondoka, nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Alipokuambia kodi inapanda, ulijibuje?"

"Nilisema sawa."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Akasema, "Baba, mimi hapa nitamwita Mzee Kulwa, naye ataniletea mashahidi wa msiba mzima kwamba ulikubali na hukulipa. Kukutoa vile amekosea. Lakini ungemwambia unataka taarifa ya maandishi na muda, hata mwezi mmoja, ningekuwa na mahali pa kushika. Umenipa mkono mtupu."

Nikamuuliza kama kuna sheria ya kupandisha kodi. Akasema mengi yanategemea mlivyoandikiana. Kama mmeandikiana muda fulani kwa bei fulani, bei hiyo inakaa mpaka muda uishe, isipokuwa kama mliweka neno jingine humo. Akitaka zaidi baada ya hapo anakuambia mapema, kwa maandishi, ili upime mfuko wako: ukiweza ubaki, usipoweza utafute kwingine na uhame mchana, na vitu vyako vikiwa vikavu. Na mkigombana kuna ngazi za kupeleka shauri. Zaidi ya hapo sijui, na sitajifanya najua. Ila hilo la kuhama mchana na vitu vikiwa vikavu nililielewa vizuri kuliko somo lolote la shuleni.

Mama yako tangu siku ile hajarudi machimboni. Watu huwa wananiuliza hapa karasha, "Baba Minza, mke wako mbona haji?" Nawaambia analima. Ni kweli analima. Lakini hata miaka ya ukame alikataa kuja, na siku moja aliniambia, "Nitakuja siku utakayokuwa na mlango ambao mtu hawezi kuingia nikiwa napika." Mlango huo sijaupata. Nimekulea kwa simu na kwa mabasi ya sikukuu. Ile sawa yangu ilitugharimu hivyo.

Ndiyo maana leo asubuhi nilitoka nje.

Juzi ulipofika ulinionyesha mkataba wako wa Chato, nikausoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Nilifurahi kuliko ulivyoona. Umeandikwa vizuri. Miezi sita, bei imetajwa, na chini wameandika kwamba mwenye nyumba akitaka kupandisha kodi atatoa taarifa kwa maandishi mwezi mmoja kabla ya muda kwisha. Nikajisemea, mtoto wangu ameweka mguu kwenye mwamba mgumu. Kumbe karatasi nzuri hivyo nayo inaweza kutobolewa na neno moja kwenye simu.

Subiri, simu yako inalia. Umeiacha hapa inachaji.

Nimerudi. Nitakuandikia kama ilivyokuwa, bila kujipamba.

Jina liliandikwa Baba Joshua Chato. Niliiangalia mpaka ikakata. Nikashukuru Mungu. Ikaita tena. Nikawaza, nikuite? Ungekuja na nywele nusu, ungesema "ndiyo baba, sawa baba", tungekuwa palepale. Nikabonyeza.

"Halo, Minza?"

"Si Minza. Mimi baba yake."

"Aa! Mzee wangu, shikamoo!"

"Marahaba."

Hapo nilishtuka kidogo. Wewe unamwita baba, nami nikamjengea picha ya mzee kama Kulwa, mwenye fimbo. Kumbe ni mtu wa kuniamkia.

Akasema, "Nilikuwa namkumbusha binti, kesho akija aje na nyongeza mkononi kabisa. Ya mwezi ujao. Tumeshakubaliana asubuhi."

Minza, sawa ilikuwa imeshafika kwenye meno. Nilikuwa nimeshaanza kuinama, mimi peke yangu humu chumbani, nainamia simu. Nikafunga mdomo. Nikakaa kimya, na kimya kile kilikuwa kirefu kama kushuka duarani kwa kamba.

"Halo? Mzee? Mtandao umekata?"

"Mtandao upo. Nimekwama mimi."

Akacheka. "Usikwame mzee wangu, ni kidogo tu."

Nikamwambia, "Baba Joshua, kwetu mtoto akiambiwa jambo na mtu mzima, anaitikia. Anaonyesha amesikia. Jibu linatoka kwa wakubwa wake. Asubuhi mtoto aliitikia. Sasa nakupa jibu."

"Enhe?"

"Miezi sita mliyoandikiana iishe kwanza. Ukitaka kupandisha baada ya hapo, mwandikie, mwezi mmoja kabla, kama karatasi yenu inavyosema."

Kisha akasema, na sauti haikuwa na shikamoo tena, "Mzee, wewe kazi yako ni nini?"

"Nasaga mawe."

"Basi saga mawe. Nyumba niachie mimi. Mimi hapa nina watu wanakililia hicho chumba, wako tayari leo. Na ufunguo wa pili ninao, unalijua hilo?"

Hapo ndipo nilipokaa chini. Niliiona cherehani yako nje, kwenye manyunyu. Niliwaona vijana wanne. Nikajua nimeharibu, kwamba ungeongeza hiyo fedha kidogo ukalala salama, na mimi kwa kiherehere changu nimekufungia mlango nikiwa huku Geita.

Lakini nilikuwa nimeshaanza, na ukianza kumpandisha mtu kwa kamba huiachii kamba katikati. Nikasema, "Najua unao. Na mimi najua cherehani iko ndani, fundi wake aliiona ikiingia, na mwenyekiti wa mtaa wenu aliwaona mkitia saini. Sigombani na wewe, Baba Joshua. Naogopa tu. Niliwahi kutolewa kwenye nyumba, na huyu mtoto alikuwepo."

Sikupanga kusema hayo ya mwisho. Yalitoka yenyewe.

Nikasikia mtoto analia upande wake, na mwanamke anasema chakula tayari. Kisha akasema, "Aje tuongee." Akakata.

Hivyo tu. "Aje tuongee." Nimeizungusha kichwani na sijui ina maana gani. Huenda amelegea. Huenda anataka kukukuta peke yako, mimi nikiwa mbali, akuambie tena kwa upole, nawe uitikie tena. Sijui kama nimekusaidia au nimekuchokozea nyuki. Nakuambia hivyo kwa sababu sitaki ufike kule ukidhani baba ameshamaliza. Sijamaliza.

Kwa hiyo ukishuka Chato usiende chumbani moja kwa moja. Pitia kwa fundi wako, mwende pamoja. Mkikuta kufuli ni lile lile, shukuru. Mkikuta jingine, usirudi Samuye, na usirudi hapa. Mimi nilirudi, na niliporudi shauri langu likafia njiani. Wewe nenda na fundi kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo, ukiwa na mkataba wako. Atakuuliza ulijibuje. Mwambie ukweli, kwamba uliitikia kwenye simu, halafu baba yako akatoa jibu. Usifiche ile sawa. Ukiificha, Baba Joshua ataitoa yeye.

Na ukimkuta Baba Joshua mwenyewe, mwamkie vizuri. Inama kama bibi yako alivyokufundisha, sitaki mtu aseme mtoto wa Samuye hana adabu. Akikuambia jambo la kodi, la umeme, la maji, la choo, lolote, mwambie, "Nimesikia, baba. Nitakujibu." Nimeyajaribu maneno hayo hapa peke yangu, kwa sauti ndogo, mara nyingi, ndiyo maana Mama Neema alipiga ukuta akauliza naongea na nani. Unaweza kuyasema huku umeinama. Hayamvunjii mtu heshima na hayampi chumba. Laiti ningekuwa nayo Kharumwa.

Safari hii jibu nimelitoa mimi. Mara nyingine nitakuwa kwenye karasha, pale palivyo na kelele simu haisikiki, au nitakuwa sipo kabisa. Ndugu wa kumtuma hutakuwa naye Chato. Utakwenda nyumbani kwako, utakaa kwenye kiti cha cherehani, utafikiri, kisha utarudi mwenyewe kutoa jibu. Utaogopa. Mimi hapa ni mtu mzima, mikono yangu inabeba mifuko ya mawe, na nimeogopa mtu ambaye simuoni.

Nasikia Mama Neema anakuambia ujitazame kwenye kioo. Unakuja. Barua hii naiweka ndani ya begi, kwenye mfuko uleule wa plastiki wenye mkataba, ili ukitafuta kimoja ukute na kingine.

Ukiingia utaniona macho mekundu, utauliza kama nimelala. Kisha utaona simu imehamishwa, utauliza nani kapiga. Nitakuambia ni Baba Joshua.

Nawe utaniuliza, "Ukamjibuje, baba?"

Safari hii ninalo jibu la kukuambia.

Ni mimi baba yako,
hapa Geita, kwenye ndoo, nakusubiri mlangoni.